Mlango wa Lwansa

Miezi minane mtoto wa Agnès alikuwa na jina la ubatizo tu, Alexis, na kila mtu wa kampi ya reli alijua kwamba jina la ubatizo ni la padri na la karani. Jina la nyumbani, lile la mzee aliyekufa ambaye mtoto anamrudisha kati ya watu, hakuwa nalo. Agnès alitaka aitwe Kapya, kwa kaka mkubwa wa nkambo yake, mama wa mama yake. Mama mkwe wake, Mama Hortense, alisema siku jina hilo litakapoitwa ndani ya nyumba, yeye atakunja mkeka wake aende kulala kwa majirani.

"Kapya ule njo alifungua mulango ya Lwansa," alisema, kila mara kwa maneno yaleyale. "Baba yangu alikuwa mule ndani. Hapana kusema alisikia kwa bantu, alikuwa mule, na macho yake. Na siku ya kumuzika, bantu balimusemea Kapya mu uso, maiti inalala pale: 'Weye Mbuzi, ulisikia harufu ya chumvi, ukafungua mulango!' Unataka mujukuu yangu abebe ile haya?"

Lwansa kilikuwa kijiji kilichozungushiwa boma la miti karibu na ziwa, upande wa Pweto. Zamani, kabla ya wazungu, watu wa bunduki waliokuwa wanakamata wengine na kuwauza walikizunguka siku tatu, wakaingia siku ya nne. Kila mtu wa kampi aliyetoka upande wa ziwa alikuwa na mtu wake aliyefia Lwansa au aliyepona Lwansa. Baba yake Mama Hortense alipona. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, mkimbizi wa Kiluba kutoka kaskazini, ambaye watu wa Lwansa walimpokea pamoja na mama yake. Kapya wa Agnès hakupona.

Mama Hortense alikuwa na jina lake tayari kwa mjukuu: Ngosa, jina la ndugu yake aliyekufa. Agnès hakuwa na neno baya juu ya Ngosa. Lakini nkambo yake alikufa bila kupata mtu wa kuchukua jina la kaka yake, na siku zake za mwisho alimshika Agnès mkono, tumbo la Agnès likiwa bado dogo, akamwambia neno moja tu, "Kapya." Agnès alijibu, "Ndiyo, Nkambo." Alikuwa amesema ndiyo. Hakuona njia ya kuizunguka.

Mwezi wa nane wa mwaka 1953, bwana yake Symphorien, fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya reli, alipata kongé, likizo ya majuma matatu. Mama Hortense alisema jambo ambalo hakuna aliyelitazamia.

"Magoti yangu ingali inanisikia. Kabla haijakataa, nataka nione Lwansa. Fasi yenye baba yangu alitokea."

Symphorien alifurahi. Aliona mbele yake samaki wabichi, usingizi wa mchana, na mama yake akiwa ameridhika. Siku mbili Agnès alifua nepi, alisonga bukari, alitandika kitanda, akafikiri. Siku ya tatu, wakiwa wanakula, akasema:

"Na miye nitaenda. Ninaenda na mutoto hana na jina, nitarudia naye iko na jina."

"Ngosa iko jina muzuri," alisema Mama Hortense.

"Iko muzuri, Mama. Kwa mutoto mwingine."

Symphorien aliinama chini ya meza kutafuta kiatu chake, ingawa viatu vyote viwili alikuwa amevivaa.

"Tukirudia karani wa kampi ataandika mutoto mu kitabu," Mama Hortense aliendelea, akichovya bukari kwenye mboga ya sombe bila haraka. "Ataandika Alexis Ngosa. Nilishamwambia."

"Karani anaandika kile wazazi banasema," alijibu Agnès.

Waliondoka alfajiri juu ya kamio ya mfanyabiashara wa samaki iliyokuwa inapeleka barafu Kasenga. Vipande vya barafu vilikuwa chini, vimefunikwa na maranda ya mbao na magunia, na watu juu. Shofere aliitwa Jeannot, kijana wa mikono mirefu na mdomo usiopumzika.

"Mama, kaa pa katikati," alimwambia Mama Hortense. "Pale barafu iko mingi. Utafika Kasenga ungali musichana, nitakuoa."

"Angalia barabara," alisema Mama Hortense.

Katikati ya njia kamio ilisimama ipoe. Agnès alifungua kitambaa cha karanga za kukaanga. Jeannot akamwuliza kwao ni wapi, na mama yake ni wa ukoo gani.

"Siye bantu ya Mbuzi," alisema Agnès.

Jeannot alipiga makofi mara moja, akaruka kutoka kwenye tairi. "Mbuzi! Na miye Chui! Tangu asubui najiuliza ni nini inanuka mu kamio yangu, kumbe ni mbuzi!" Akanyosha mkono, akachukua kitambaa chote cha karanga, akaanza kutafuna. "Mbuzi haina ruhusa ya kula mbele ya Chui. Mama yako hakukufundisha? Ah, na yeye alikuwa mbuzi."

"Mwizi weye," alisema Agnès akicheka, "Chui gani hii, meno yote inatoboka! Kula, kula, siku utakufa nitakuzika na ganda ya karanga."

"Njo vile! Na utalia sana!"

Mama Hortense alikuwa amesimama tayari. "Symphorien! Muntu anatukana bibi yako, anataja mama yake, mukwe wako, na weye unaangalia miti?"

"Mama, beko banungwe," alisema Symphorien.

Agnès alijaribu kumweleza. Ukoo wa Chui na ukoo wa Mbuzi ni banungwe toka zamani za zamani. Munungwe wako anakutukana bila kosa, anachukua kitu chako bila kuomba, na wewe hukasiriki, ukikasirika ndiyo unakosa. Na siku ya kifo, si ndugu zako wanaokuzika. Ni yeye. Anachimba, anaosha, anafunika.

"Kwetu kule kaskazini," alisema Mama Hortense, "muntu akikutukana, anakutukana." Akakaa akageuza uso, na hakumsemesha Jeannot hadi Kasenga, hata alipomtolea mkono ashuke.

Kutoka Kasenga walichukua bato, wakateremka na mto Luapula, wakaingia ziwani, wakalala juu ya mizigo yao, na siku ya pili wakafika Pweto ambako samaki walianikwa kila mahali, juu ya mawe, juu ya mapaa, hata juu ya ukuta wa misheni. Walikaa siku nne kwa binamu ya Symphorien. Symphorien alikula samaki, akalala mchana kama alivyojiahidi. Siku ya tano bato ilikuwa inarudi saa nane ya mchana, na Lwansa ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Waliamka mapema.

Hakuna aliyemwambia Agnès namna Lwansa ilivyo, lakini kichwani mwake alikuwa ameshajenga ukuta mrefu, mlango mkubwa, na damu kwenye mawe. Walichokuta ni kilima kidogo. Majani yalikuwa yamechomwa, kama inavyofanywa kila kiangazi, na kwenye ule weusi handaki la boma lilionekana vizuri, likizunguka kama mtaro wa maji ya mvua, limejaa udongo nusu. Ndani yake vigae vya vyungu. Basi.

"Njo hii tu?" aliuliza Symphorien.

"Weye ulitaka bakuwekee viti?" alisema mama yake, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Alikuwa anatazama upande wa ziwa, ambako mtoto wa miaka tisa alikimbilia ndani ya matete.

Kizee kimoja kilikuwa kinalima kishamba cha mihogo karibu na handaki. Alikuwa mfupi, mkavu, kitenge amekifunga juu ya matiti. Alisimamisha jembe akawangoja wafike.

"Muko banani?"

Agnès alipiga magoti kidogo, akashika mikono, akajibu inavyopasa. "Nkambo, tunatoka Elisabethville. Miye ni mujukuu ya hapa. Mama ya mama yangu alizaliwa Lwansa. Muntu ya Mbuzi."

Kizee akaangusha jembe.

"Mbuzi! Yee, bantu, kuya muone, mbuzi na sapatu ku miguu!" Akamzunguka Agnès, akamvuta shavu, akamvua kitambaa cha kichwa, akajifunga mwenyewe. "Miye Chanda, muntu ya Chui. Niko nalinda bantu yenu hapa, miaka yote, munaniletea nini? Hata kipande ya sabuni! Muko bachoyo, mulizaliwa bachoyo. Sikia, weye Mbuzi! Ulisikia harufu ya chumvi, ukafungua mulango!"

Akacheka, fizi zote nje.

Mama Hortense alishika mkono wa mwanawe. "Umesikia? Symphorien, umesikia? Hata hapa, mpaka leo, njo ile banasema. Baba yangu hakuongopa."

Symphorien alimtazama Agnès kwa huruma, na huruma hiyo ilimwuma Agnès kuliko maneno. Mtoto mgongoni alianza kunung'unika, Agnès akamrusharusha kidogo.

Lakini alikuwa amesikia kitu. Maneno yalikuwa yaleyale, hakuna hata moja lililozidi au kupungua. Mbuzi, harufu, chumvi, mlango. Mama Hortense aliyasema miaka yote na midomo imebana. Kizee huyu aliyasema huku ameshika tumbo. Na mwenye kuyasema alikuwa Chui. Agnès alikumbuka karanga zake zilivyopotea ndani ya mdomo wa Jeannot. Angeweza kulitoa wazo lile pale pale mbele ya mama mkwe wake, lakini alijua angejibiwa nini: unatafuta njia ya kumtetea mtu wako. Akaliweka kwanza.

"Nkambo," alisema, "tuonyeshe bale balilala hapa. Bote."

"Utalipa nini?"

"Ulishavaa kitambaa yangu."

"Ah. Kweli." Chanda akatangulia.

Alitembea ndani ya handaki na nje ya handaki kama mtu anayepita katikati ya vitanda vya watoto wake. Kila kilundo cha mawe juu ya kaburi alikipiga kwa ncha ya jembe na kukitukana. Huyu Mbuzi alikuwa na mguu mmoja mfupi, alichelewa hata kufa. Yule Mbuzi alikuwa mlafi, walimkuta na muhogo mdomoni. Walipofika kwa wafu wa Chui, alisimama akamtazama Agnès, akingoja. Agnès alielewa ni zamu yake.

"Na hawa?" alisema Agnès, akikaza sauti. "Hawa Chui balikufa juu ya kusinzia. Balikula nyama yetu, balilala, bunduki ikabaamsha, bakasema, subiri kidogo tungali na usingizi!"

Chanda alipiga makofi, akazunguka mara moja papo hapo. "Anajua! Mutoto ya muji, lakini anajua! Nilifikiri bazungu balishabasahaulisha."

Mama Hortense alifanya ishara ya msalaba.

Karibu na pengo la handaki, upande wa ndani, palikuwa na kilundo kikubwa kuliko vingine, mawe yamepangwa vizuri, majani yameng'olewa pembeni kwa mkono. "Kapya," alisema Chanda. "Mupenda chumvi." Akapiga jiwe mara mbili.

Ndipo njia ikatoka nje ya handaki, ikateremka kuelekea ziwani. Pale kando ya njia palikuwa na kilundo kingine cha udongo, peke yake, hakina jiwe, majani makavu yamekifunika hadi juu kwa sababu hata moto haukufika. Chanda alikipita. Hakukipiga na jembe. Hakugeuza kichwa. Wimbo mdogo aliokuwa anauvumisha puani ulikatika kabla yake na ukarudi hatua kumi baadaye.

Symphorien hakuona. Mama Hortense alikuwa anatazama anapokanyaga. Agnès aliona.

"Saa tano inapita," alisema Symphorien, akitazama jua. "Bato haimungoji muntu. Nkambo, aksanti. Agnès, tuende."

Agnès alirudi kwenye pengo la handaki, akakaa chini kando ya mawe ya Kapya, miguu ameinyosha mbele, akamtoa mtoto mgongoni, akampa titi.

"Agnès."

"Siendi."

"Bato..."

"Iende. Ingine itakuya kisha juma moja. Kongé yako ingali." Hakupaza sauti. "Nkambo Chanda, kuya ukae. Niko na ulizo moja, na nataka mama yangu asikie."

Kizee kilikaa. Mama Hortense alibaki amesimama.

"Pale inje, ku njia ya ziwa," alisema Agnès. "Pale kuko kaburi. Kwa nini ulinyamaza?"

Fizi za Chanda zilifichika. Alichukua udongo kidogo, akaupukuta vidoleni.

"Weye uko na macho," alisema.

"Ni nani?"

"Hatusemi jina. Siku ya pili ya vita alitoka na baruti usiku, akaenda kuuzisha kwa bale ba inje. Balimuua palepale, bale bale alibauzia. Kisha vita mama yangu na bamama bengine balikusanya maiti. Ule naye balimuzika, muntu hawezi kubaki chini ya jua. Lakini balimuzika kimya. Hakuna mwenye alimutukana. Hakuna mwenye alichukua kitu yake. Balifunika, bakanawa mikono, bakaondoka."

"Na Kapya?"

"Kapya!" Chanda akapiga tena jiwe, na sauti yake ikarudi. "Mama yangu njo alimuosha. Miye nilikuwa ku mugongo yake. Alisema siku yote ile, wakati ya kumufunika, balimutukana mpaka sauti ikabakauka. Kwamba aliogopa. Kwamba aliuzisha dada yake juu ya chumvi. Kwamba alifungua mulango. Mama yangu alilala chini mu kaburi kabla yake, akasema, toka, Mbuzi, hapa ni fasi yangu! Alicheka sana. Alikuwa analia tu, lakini munungwe halii, anafanya vile." Akamgeukia Mama Hortense. "Muntu mubaya, unamutukanaka ya nini? Iko yeye mwenyewe tusi. Siye tunatukana ule anatuuma."

Mama Hortense alikuwa mwanamke aliyelea watoto wanne bila bwana, na hakuwa na desturi ya kuangushwa na maneno ya mtu.

"Ile ni maneno," alisema. "Maneno inaweza kugeuka huku na kule. Mulango ilifunguliwa ao haikufunguliwa? Bale bantu baliingia. Baliingia wapi?"

"Palepale unasimama, Mama," alisema Chanda.

Mama Hortense alitazama chini. Alikuwa amesimama kwenye pengo la handaki, na kando ya kila mguu wake palitokeza kisiki cha mti mnene, kifupi, cheusi, kama meno mawili yaliyobaki.

"Hii iko moto ya mwaka hii," alisema. "Bamechoma majani."

"Angalia muzuri."

Alipiga goti. Kule mjini, kabla Symphorien hajapata kazi ya reli, Mama Hortense aliuza makala, makaa ya miti, miaka sita, gunia kwa gunia, na hakuna mchomaji aliyewahi kumdanganya. Alikwaruza kisiki kwa ukucha. Akakwaruza tena, ndani zaidi. Akachukua jembe la Chanda bila kuomba, akachimba pembeni, udongo ukatoka, na mti ulikuwa mweusi hadi chini, hadi urefu wa mkono. Akavunja kipande. Kililia kama kigae. Akakinusa, akakiweka kwenye ulimi.

"Makala," alisema. "Mpaka mu roho. Hii ilichomwa ingali inasimama."

Aliinuka, akatembea kando ya handaki upande wa ndani, peke yake, akiinama kila hatua chache, akigusa ardhi. Walimwona akienda mpaka upande wa pili wa kilima, akapotea, akatokea tena upande wa kushoto. Symphorien alitaka kumfuata, Agnès akamshika suruali.

Aliporudi alikuwa anahema.

"Kule kote ni matundu ya muchwa tu. Muchwa ilikula boma yote, miti kwa miti. Hapa tu ilibakia, juu muchwa haikulaka makala." Alikuwa anasema na nafsi yake zaidi kuliko na wao. "Habakuchoma boma. Balichoma mulango tu. Kama muntu anakufungulia mulango, unauchoma ya nini? Unapita."

"Unapita," alisema Chanda.

Mama Hortense alipangusa vidole vyake kwenye kitenge, na kitenge kikabaki na mistari mitano.

"Baba yangu alikuwa na miaka tisa," alisema. "Hakujua luga ya hapa muzuri. Alisikia bantu bakubwa banamusemea maiti maneno ile. Nani angemwelezea? Kwetu hakuna vile. Alitusimulia kila mwaka. Miye nilisimulia bote. Mu kampi yote, ku musiba, ku ndoa, ku kisima. Hata kwa padri nilisimulia."

Agnès angeweza kusema kitu pale. Alikuwa na maneno mengi aliyoyatunza miezi minane, mengine yalikuwa mazuri sana. Alimbadilisha mtoto titi.

Mama Hortense alimwangalia, akaona kwamba hatasema. Akainama juu ya mawe ya Kapya akaanza kung'oa majani machache yaliyochipuka katikati yake, kwa nguvu, na mizizi yake. Chanda alimpiga kofi kwenye mkono.

"Toka! Hii kazi ya Chui. Weye hauko Chui."

"Sasa nifanye nini?"

"Usifanye. Kaa."

"Siwezi kukaa bure mbele ya..." Hakumaliza. Alikaa. Mikono aliiweka mapajani, akaitoa, akairudisha. Ilikuwa mikono isiyojua kukosa kazi. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyao, na kutoka ziwani upepo ulileta harufu ya samaki.

Symphorien alikaa pia mwishowe, akavua kofia. Hakutaja bato tena.

"Agnès," alisema Mama Hortense.

"Mama."

"Umemunyonyesha sana. Utamuumiza tumbo." Akanyosha mikono yote miwili, yenye makala. "Nipe Kapya."

Agnès alimtazama bwana yake, kuona kama naye amesikia. Symphorien alikuwa amefunua mdomo. Agnès alimwondoa mtoto kwenye titi, akampangusa kidevu, akamkabidhi, na vidole vya Mama Hortense viliacha alama nyeusi kwenye shati jeupe la mtoto, na hakuna aliyejali.

Chanda alikuwa ameshainuka, kitambaa cha Agnès kimepinda kichwani mwake, kidole mbele.

"Kapya! Njo weye huyu? Tumbo kama ngoma, kichwa kama boga! Ulirudia kutafuta chumvi yako? Hakuna! Tulishakula!"

Mama Hortense alijikaza, mabega yakapanda, kwa mazoea. Halafu yakashuka. Alimgeuza mtoto, akamwelekeza uso kwa kizee, akamshikilia karibu zaidi.

"Mutukane muzuri," alisema. "Kwa nguvu. Asikie."

Na Chanda akavuta pumzi, akaanza upya kutoka mwanzo.